Mke wa rais akisema, kosa lake nini?

Bi Mkasi: Mei 2005 Lucy Kibaki, mke wa rais wa Kenya wakati huo, aliingia usiku chumba cha habari cha gazeti la Nation, Nairobi, akakaa masaa, akamzaba kofi mpiga picha. Akaitwa kichaa. Sawa. Aisha Buhari, mke wa rais wa Nigeria wakati huo, mwaka 2016 hakumgusa mtu, aliongea tu na BBC: mume wangu asipopangua serikali yake, 2019 simpigii kampeni. Mumewe, yuko Berlin kando ya Angela Merkel, akajibu kwamba huyo ni wa jikoni, sebuleni na chumba kile kingine. Sasa mke wa kiongozi aseme vipi asitukanwe?

Kobe wa Makupa: Kofi ni kofi, hata angelizaba muuza mahamri. Usimtie Aisha humo.

Mzee Kashata: Buhari kasema kweli, mnaumia nini? Ya nyumbani yaishie nyumbani. Sisi wa bara hatukaliwi. Wanaume wa Pwani ndio huomba ruhusa kwenda kunywa kahawa.

Kobe wa Makupa: Pwani imeingiaje? Si tulikuwa Nigeria?

Ngamiani Juu: Mwache, anajitutumua kwa kuwa mkewe kalala.

Mzee Kashata: Kalala kwa kuwa kachoka. Kapika.

Ngamiani Juu: Sukuma wiki. Mnacho kingine huko?

Dada Mchangani: Marehemu baba alikuwa diwani. Siku moja mkutanoni mama akasimama, kanga begani, akauliza pesa za kisima zimekwenda wapi. Hakuna aliyemjibu. Wote wakageuka wakamtazama baba, kama mtu ambaye mbuzi wake kaingia shamba la jirani. Na Mzee Hafidh Ameir, mume wa Rais Samia, mmewahi kumsikia? Hatumsikii, na tunamsifu: mstaarabu, anajiheshimu. Kungekuwa mke kanyamaza hivyo mngeuliza kama kweli yupo.

Mzee Kashata: Sukuma wiki ina nini? Wewe uliyelelewa kwa nazi umemzidi nani nguvu?

Ngamiani Juu: Nazi usiitaje kwa mdomo huo.

Bi Mkasi: Jamani, mama wa watu kaeleza jambo zito hapo juu, nyinyi mnagombania mboga!

Kobe wa Makupa: Niongeze Winnie Byanyima. Mhandisi, alikuwa mbunge Uganda kabla hajaolewa na Besigye, yule mpinzani wa Museveni, na tangu 2019 yuko UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI. Akifungua kinywa, utasikia "mke wa Besigye kasema".

Mzee Kashata: Winnie sawa, amesoma.

Bi Mkasi: Ahaa! Kwa hiyo mama yake Dada Mchangani angekwenda mkutanoni na cheti ndipo aulizie kisima?

Mzee Kashata: Sikusema hivyo.

Dada Mchangani: Kisima hakikuchimbwa, kama kuna anayetaka kujua.

Ngamiani Juu: Pole dada. Kashata, hiyo sukuma mnaitia nini?

Mzee Kashata: Kitunguu na nyanya. Ngoja aamke nimuulize.