Programu ya baada ya masomo: walioandikishwa 60, wanaofika 35, mfadhili anataka 120. Tuanzie wapi?

Mratibu_Jioni
Wadau, naomba ushauri. Programu yetu inafanyika shuleni siku nne kwa wiki, dakika 120 kila siku baada ya kengele ya mwisho. Walioandikishwa ni 60, wa miaka 9 hadi 16. Siku ya kawaida wanafika 35 hivi. Tuna walezi watatu wa kulipwa, wajitoleaji wawili na vyumba viwili. Wanaosubiri nafasi ni 40, na mfadhili ataongeza fedha tukifikisha 120. Tupokee wote kwa mkupuo, au kuna cha kurekebisha kwanza?

Kalamu_na_Rejista
Kabla hujapokea hata mmoja, chukua rejista ya wiki sita zilizopita uipange upya kwa umri, jinsia, umbali wa nyumbani na siku ya wiki. Wale 25 wasiofika hawapotei ovyo ovyo. Wakaao mbali wakikatika baada ya wiki mbili tatu, shida ni usafiri. Wasichana wakiaga nusu saa kabla ya wenzao, ni giza la njiani au kazi zinazowasubiri nyumbani. Wakipungua wa miaka 13 na kuendelea peke yao, wamechoshwa na shughuli za kitoto. Siku moja ikiwa tupu kila wiki, tazama ni mlezi gani aliyepangiwa siku hiyo.

Usipofanya hivyo, hao 40 nao watavujia kwenye tundu lilelile. Na mfadhili mwambie mapema kwamba kipimo kiwe wastani wa mahudhurio ya kila siku. Mkataba unaolipa kwa majina huzaa majina.

Mzani
Naongezea upande wa walezi. Watoto 35 kwa walezi watatu ni kama 12 kwa mmoja, hapo sawa. Wakija wote 60 ni 20 kwa mmoja, na hicho ndicho kikomo California inachoruhusu kwenye programu zake za baada ya masomo zinazolipiwa na jimbo. Mlezi mmoja akiugua mnafika 30, na hapo kazi inageuka kuwa ya ulinzi tu. Wajitoleaji usiwahesabu kwenye uwiano; msimu wa mitihani hutawaona.

Kwa watoto 120, piga hesabu ya mmoja kwa 15: walezi wanane, mmoja wa akiba, na mratibu asiyeshika kundi. Vyumba viwili havitoshi. Mimi nisingeongeza zaidi ya kundi moja la watoto 15 kwa muhula, tena likabidhiwe mlezi aliyekaa wiki mbili pembeni ya mzoefu.

Ubao_Mweupe
Napingana na Mzani kidogo. Kama wengi wa wanaosubiri wanakaa upande mmoja, fungueni kituo kidogo huko, kwenye maktaba au ukumbi wa jamii, badala ya kuijaza shule. Gharama kwa kila mtoto itapanda, kwa sababu lazima wawepo watu wazima wawili wakati wote hata watoto wakiwa 10. Lakini mtakuwa mmemaliza shida ya usafiri.

Kuhusu ubora: mwaka 2010 Joseph Durlak, Roger Weissberg na Molly Pachan walichambua kwa pamoja tafiti za programu zinazokuza stadi za maisha na za kijamii. Zilizofanya vizuri zilikuwa na mambo manne: mafunzo yanayofuatana hatua kwa hatua, watoto kutenda wenyewe, muda uliotengwa mahususi, na stadi inayotajwa waziwazi. Ratiba inayobeba hayo: dakika 15 za rejista na kitafunwa, 35 za kazi za nyumbani, 10 za kucheza, 50 za mradi, 10 za usafi na kuondoka. Mradi mmoja uende wiki sita hadi nane na uishie kwenye kitu cha kuonyesha. Wazazi watasukuma kazi za nyumbani zimeze muda wote. Mkikubali, mtakuwa na tuisheni, na watoto wanaosumbuka darasani ndio watakaokuwa wa kwanza kukimbia.

Mratibu_Jioni
Asanteni sana. Nimeichungulia rejista: wengi wanaokosekana ni wa miaka 13 na kuendelea, halafu wakaao mbali. Hao tuwafanyeje?

Kalamu_na_Rejista
Wakubwa wapeni chumba chao na wachague mradi mmoja kati ya mitatu. Ruhusuni siku mbili maalumu badala ya nne. Vijana wawili watagawana nafasi moja. Anayelea mdogo wake nyumbani aje naye, kama mdogo ana umri wa kujiunga. Wa miaka 15 na 16 wanaweza kuwa wasaidizi wenye majukumu yaliyoandikwa, ila wasihesabiwe kama walezi wala kuachwa peke yao na wadogo.

Wakaao mbali wapangeni kwa njia wanazopita, waondoke kwa makundi. Kila mtoto awe na fomu inayotaja nani anaruhusiwa kumchukua na kama anaweza kutembea mwenyewe. Miezi ambayo giza linawahi, kateni dakika 20 za mradi.

Mtoto akikosa siku tano mfululizo bila taarifa, msimpe mwingine nafasi yake kabla ya kupiga simu nyumbani. Apige mlezi wa kundi lake, na sababu aiandike kwenye rejista hiyohiyo.