Beringi ya mashine ya kusaga inachemka na grisi imejaa tele

MamaKinu, Uyole
Wakuu habari za jioni. Mashine yangu ya kusaga mahindi ni ya mota. Beringi ya upande wa puli inachemka, gunia la pili tu ukigusa unatoa mkono mbio. Kijana wangu anapampu grisi kila asubuhi mpaka inafurika, unga unaigandia pembeni. Sasa grisi si ndiyo ya kuzuia joto? Kopo la kwanza lilikuwa la njano, juzi nimenunua la bluu. Shida grisi, beringi, au kijana?

BodaTukuyu
Dada mwagia oili chafu, inapenya. Mimi cheni yangu miaka yote ni hiyo hiyo.

FundiMbao, Mafinga
Kamwene dada. Oili chafu achana nayo, ina masizi na vichembe vya chuma. Ikikutana na vumbi umejitengenezea msasa. Huyo wa boda atuambie anabadilisha cheni mara ngapi kwa mwaka.

Iko hivi. Chuma hata king'ae vipi, kina vilima na mabonde ambayo jicho halioni. Vilima vikikwaruzana ndipo joto linapotoka na chuma kinapolika. Grisi inaachia utando wa oili katikati, mwembamba kuliko unywele, gololi isiguse chuma kinachoibeba. Utando tu, basi! Ukishindilia mpaka mdomoni, gololi zinazunguka huku zinasukuma tope lote, na tope halina pa kwenda. Ugali wa msiba na ugali wa watu wawili, wapi unatoka jasho kusonga?

Sisi kwenye misumeno ya mbao tunajaza theluthi ya nafasi ya ndani, isizidi nusu. Fungua, osha na mafuta ya taa, acha ikauke, weka grisi ya aina moja. Rangi isikudanganye, soma kwenye kopo kama ni ya lithiamu au kalsiamu. Zisizopatana ukizichanganya zinaweza kulegea zikawa uji. Na mkanda uuangalie, ukikazwa kama uzi wa zeze beringi ya puli ndiyo inaanza kulia.

MamaKinu, Uyole
Nimefungua leo. Ndani bluu na njano zimepigana na unga juu yake. Gololi mbili zimechubuka, nimeweka beringi mpya. Mkanda kweli ulikuwa umekazwa, nimelegeza kidogo. Tumesaga mpaka saa nane, naweka kiganja na nakiacha hapo hapo. Asante kaka. Kijana kanuna, nimemnyang'anya pampu.

BodaTukuyu
Sawa fundi, umenishika. Mara mbili kwa mwaka. Sasa nipake nini?

FundiMbao, Mafinga
Oili safi ya gia. Sugua cheni kwanza, dondoshea kidogo upande wa ndani huku unazungusha tairi, halafu futa yote iliyobaki juu, maana hiyo ndiyo inanasa vumbi. Fanya jioni ilale nayo. Na kwa mvua za huko kwenu, rudia kila ikishanyeshewa.