TI-84 inanipa 12 na 2 badala ya 3 na 0.5, nimekosea wapi?

binti_mkwaju
Wakuu habari zenu. Nipo Marekani nasoma community college, huku darasa la aljebra kalkuleta za grafu ruksa na kila mtu anayo, mimi natumia TI-84 Plus ya zamani niliyorithi kwa kaka. Wiki iliyopita nikajifanya fundi nikaandika kiprogramu cha kutatua milinganyo ya kwadrati, nikakiita KWADRATI (jina mwisho herufi nane, hilo limeenea kiulaini kabisa). Ndo hiki:

Prompt A,B,C
B²-4AC→D
Disp (-B+√(D))/2A
Disp (-B-√(D))/2A

Nikajaribu x²-5x+6=0 ikatoa 3 na 2, safi. Kwa furaha nikawarushia wenzangu wawili kwa waya. Jana mmoja kaja kaninunia, 2x²-7x+3=0 imempa 12 na 2, na yeye bila hata kuangalia kaandika hivyo hivyo kwenye homuweki. Nimefanya kwa mkono nimepata 3 na 0.5. Fomula nimeikagua weee, ni ile ile ya kitabuni. Na juu ya hapo x²+2x+5=0 inaleta ERR:NONREAL ANS halafu basi. Shida iko wapi jamani, nshaonekana tapeli

mwl_wa_jioni
Binti fomula haina kosa, kosa ni mashine haiisomi kama unavyoisoma wewe. Kitabuni 2a yote ipo chini ya mstari, kwa hiyo jicho lako linaona kitu kimoja. Wewe umeandika /2A, na TI-84 inakwenda kushoto kwenda kulia: inagawanya kwa 2, halafu inachukua jibu inazidisha kwa A. A ikiwa 1 huoni kitu, ndo maana jaribio lako la kwanza lilikudanganya. A ikiwa 2, badala ya kugawanya kwa 4 unagawanya kwa 2 unazidisha kwa 2, umerudi ulikotoka. Angalia vizuri, 12 ni mara nne ya 3 na 2 ni mara nne ya 0.5.

Weka mabano, /(2A), mistari yote miwili. Nyongeza tu kwa anayekopi programu za watu: TI-82 ya zamani ilikuwa inasoma 1/2X kama 1/(2X), kwa hiyo programu iliyokuwa sahihi kule ukiihamishia huku inaanza kusema uongo na haikuletei error yoyote. Hizo ndo mbaya, bora hata ile inayokataa.

kamau_wa_tebo
Sasa hii kazi yote ya nini 😂 mimi Casio yangu fx-991ES PLUS nabonyeza MODE 5 kisha 3, naweka namba tatu, majibu hayo. Na huku kwetu hiyo yako hata ndani ya chumba cha mtihani haiingii, karatasi ya hesabu ya KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari Kenya) imeandika wazi kalkuleta iwe ile haiwezi kuprogramiwa.

mwl_wa_jioni
@kamau_wa_tebo ni kweli, lakini anayebonyeza MODE 5 hawezi kugundua mabano yanafanya kazi gani. Huyu kashajua leo na hatosahau.

betri_nne
Nami niongezee kidogo maana haya mambo nimeyacheza sana. Hiyo NONREAL si kosa la programu, D imetoka hasi, 4-20 = -16, na kalkuleta ipo kwenye hali ya namba halisi. Njia mbili. Ya haraka nenda MODE uchague a+bi (namba changamano), itakupa -1+2i na -1-2i. Lakini ukimrushia mtu programu hurushi na MODE yako, kwake itakufa vile vile, kwa hiyo mimi ningeweka kinga humo humo ndani, baada ya mstari wa D:

If D<0
Then
Disp "HAKUNA JIBU"
Stop
End

Maneno yawe mafupi, skrini yake mstari mmoja ni herufi 16 tu. Na ile hasi ya -B iwe ya kitufe cha (-) cha chini pale karibu na ENTER, sio cha kutoa, ukikosea utapata ERR:SYNTAX, ukifika hapo chagua 2:Goto inakupeleka penye kosa lenyewe.

Halafu usiiache kwenye RAM (kumbukumbu ile inayofutika) peke yake dada. Walimu wengine kabla ya mtihani wanataka kila mtu afute RAM, 2nd MEM 7 1 2, kazi ya wiki imeenda. Mimi nlipoteza programu nzima ya matriksi hivyo. 2nd MEM, 5:Archive, halafu jina lake. Itakuwa na kinyota pembeni, siku ya kuitumia unaifanyia UnArchive kwanza la sivyo inagoma. Kama una kompyuta ihifadhi na huko pia.

binti_mkwaju
Mabano tu!! Siku mbili nzima. Nimeweka, 3 na 0.5 hizo hapo, nimejaribu pia A=3 na A hasi, zote zimekubali. Asanteni sana, mwalimu shikamoo kabisa.

Leo nimewarushia upya wote wawili, wa kwanza kapokea vizuri. Wa pili ilivyomletea DuplicateName akachagua Rename badala ya Overwrite, mpya akaiita KWA, kwa hiyo sasa anazo zote mbili, na nimemwacha anaanza homuweki na ile KWADRATI ya zamani. Ngoja nimpigie

kamau_wa_tebo
12 na 2 tena 😂😂