Tupeane uzoefu: mzazi aliyemtoa mtoto wake ili aishi

Wanajukwaa, ninaandika kutoka Dodoma Mjini. Ninaomba simulizi za wazazi ambao wakati wa vita na mateso waliwaokoa watoto wao kwa njia ambayo mtu asiyejua angeiona kuwa ni kuwatupa. Nianze na ya nyumbani.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa na umri wa miaka kama saba njaa ya Mtunya ilipokaza Ugogo, baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Wengi hudhani ilikuwa njaa ya ukame. Ukame ulikuwapo, lakini vita ndivyo vilivyotangulia: Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, na Waingereza walipoiteka Dodoma mwishoni mwa Julai 1916 wakaendelea palepale walipoachia wenzao, hata mvua zilipokosekana hapakuwa na cha kushikilia, kwa kuwa vihenge vilikuwa vimekwisha kufagiliwa. Wanahistoria hukadiria kwamba walikufa watu 30,000 katika wakazi wapatao 150,000. Baba yake bibi alichukuliwa upagazi, hakurudi. Mama yake, aliyebaki na watoto wawili, alimshika mkono bibi wakatembea hadi milimani, upande wa Ukaguru, na huko akamweka rehani kwa kikapu kimoja cha mahindi. Rehani, si kuuzwa. Bibi aliisisitiza tofauti hiyo hadi uzeeni, ingawa watoto wa nyumba ile walimwita "wa kikapu". Masharti ya mama yake yalikuwa mawili: asiozwe kabla hajarudi, na jina lake lisibadilishwe.

Karibuni.

Kutoka Nkuhungu, Dodoma

Ndugu mwanzisha uzi, nimeisoma habari ya bibi yako mara mbili. Mimi nimekulia Ulyankulu, Tabora, na sasa ni Mtanzania kwa cheti, lakini nilizaliwa Burundi. Mwaka 1972 jeshi la huko liliwawinda Wahutu, na hasa waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi wa sekondari. Baba alikuwa mwalimu.

Jioni moja aliletewa wito wa kufika ofisini kesho yake asubuhi. Wenzake wawili walikuwa wameitwa hivyo hivyo wiki hiyo na hawakuonekana tena, kwa hiyo alijua. Kwa miaka mingi nilimlaumu moyoni kwa nini aliitika wito ule kama kondoo, ilhali mpaka haukuwa mbali. Mama alinieleza nikiwa nimekwisha kuoa. Baba alikuwa amepiga hesabu kwamba asipofika saa mbili, saa tatu askari wangekuwa mlangoni kwetu. Akifika, hakuna atakayeikumbuka nyumba yetu hadi jioni. Alitununulia kutwa nzima. Akavaa koti lake, akabeba karatasi ya wito, akatoka; mama naye akafukia madaftari yetu yote chini ya mgomba, ili tukikamatwa njiani tuonekane watoto wasiojua kusoma, tukaondoka kwa njia ya shamba kuelekea Kigoma.

Niwieni radhi, siwezi kuandika zaidi ya hapo.

Kutoka Kondoa

Yangu si ya ukoo wangu, ila babu yangu aliishuhudia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili hapa kwetu Kondoa palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi, kama zilivyokuwapo Tengeru, Ifunda, Kidugala na Morogoro. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti kuanzia mwaka 1940, wakapelekwa Siberia na Kazakhstan, kisha mwaka 1942 wakapata kupita Uajemi hadi kufika huku kwenye jua letu. Babu alipeleka maziwa kambini akiwa kijana, na jambo lililomshangaza ni watoto wasio na wazazi ambao bado walisema kwamba wazazi wao wako hai. Baadaye alielezwa na mpishi mmoja: kule Asia ya Kati, mama aliyeona hana chakula wala nafasi katika safari alimpeleka mwanawe kwenye nyumba ya yatima ya Kipolandi, akamwacha aandikwe kuwa yatima, kwa sababu yatima walilishwa na kusafirishwa. Babu alikuwa akisema kwamba Waafrika walioyasikia hayo hawakuhitaji kutafsiriwa, maana waliopitia Mtunya walikuwa bado hai.

Kutoka Manyoni

Nitasema lililo zito, wakubwa zangu mnisamehe. Tunamsifu mzazi kwa uamuzi wake, na anastahili, lakini mtoto hakuulizwa. Shangazi wa mama yangu naye aliwekwa rehani katika njaa hiyohiyo na hakukombolewa kamwe; alikufa akiamini kwamba alichaguliwa yeye kwa kuwa alikuwa msichana. Ninamwuliza mwanzisha uzi: bibi yako alimsamehe mama yake?

Mwanzisha uzi

Swali lako ni la haki, nami nilimwuliza bibi swali hilo mwaka wa mwisho wa uhai wake. Hakunijibu kwa ndiyo wala hapana. Alinieleza kwamba mvua zilipotengemaa mama yake alirudi akiwa na mbuzi wawili wa kumkombolea. Kaka mdogo alikuwa amekwisha kufa, kikapu kile hakikumfikisha mbali. Bibi wakati huo alikuwa akisema Kikaguru tu. Alipoitwa kwa jina lake alikimbilia nyuma ya kihenge, akagoma kutoka. Mwenye nyumba alitaka kumvuta, mama akakataa asiguswe. Akaketi chini ya mti nje ya ua, mbuzi wakiwa wamefungwa kando yake, akakaa siku ile na iliyofuata bila kumwita tena.

Siku ya tatu bibi alimpelekea maji ya kunywa.