Gesti za mikoani mechi kubwa ikija: hii si biashara, ni kukabana koo

Wakuu, salaam. Nina hasira na sitazificha, kwa hiyo wale wa "andika kistaarabu" mnivumilie tu. Mods naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa nauli.

Jana nimepiga simu Arusha, kwenye gesti ninayofikia kila nikienda kikazi. Chumba self, kitanda tano kwa sita, maji ya moto ukibahatika, Sh 30,000. Nikamuuliza dada wa mapokezi, hivi kwa AFCON ya 2027, ambayo Arusha nayo itapata mechi, mnaanza lini kupokea oda? Akacheka. "Kaka, bosi kasema kwa kipindi hicho vyumba havina bei kwanza, mpaka ratiba itoke." Havina bei! Chumba kilekile, feni ileile inayolia kama cherehani, leo hakina bei.

Nikakumbuka nilivyofanyiwa Tanga, na damu ikachemka upya.

Agosti 2023, Ngao ya Jamii, ile ya timu nne: Yanga, Azam, Simba na Singida Fountain Gate. Mechi zote uwanja wa Mkwakwani, kuanzia tarehe 9 mpaka fainali tarehe 13. Mji mmoja, uwanja mmoja, mashabiki wa timu nne. Nilijua watu watajaa, kwa hiyo nikawahi. Nikapiga gesti moja pande za Ngamiani (jina silitaji), tukakubaliana Sh 25,000 kwa usiku, nikatuma hela yote kwa simu. Meseji ya muamala ninayo mpaka leo.

Nashuka stendi ya Kange usiku, bodaboda mpaka mlangoni. Mapokezi pamefurika, nyekundu ya Simba na kijani ya Yanga. Dada ananiambia chumba changu "kimeshaingiwa". Kimeingiwa na nani? "Na mgeni." Sasa mimi ni nani, mwenye nyumba? Namuonesha muamala, ananiambia nimsubiri bosi. Bosi anakuja mdogomdogo, mswaki mdomoni, anasema hela yako nakurudishia, au ongeza ifike 80,000 kwa usiku maana kuna kimoja nimekishikilia. Kumbe chumba kipo! Hakikuingiwa na mgeni yeyote, kiliingiwa na bei.

Nikiwa nimesimama pale nikawa nasoma ukutani. Hairuhusiwi kuingia na pombe kutoka nje. Mwisho wa kukaa chumbani saa 4 asubuhi. Hatuhusiki na upotevu wa mali isiyokabidhiwa mapokezi. Wanaume wawili hawaruhusiwi kulala chumba kimoja. Kila kitu kimeandikwa kwa herufi kubwa isipokuwa bei. Na hilo la wanaume wawili, nacheka kwa uchungu, maana usiku ule chumba cha jirani yangu walilala wanaume wanne, magodoro chini, kila kichwa Sh 20,000. Sheria ya nyumba ilizimwa kama taa.

Nililipa. Ningeenda wapi saa zile? Kuna waliogeuza kwenda kutafuta Muheza, kuna waliolala kwenye Noah walizokuja nazo, miguu nje ya dirisha.

Halafu kile kitabu cha wageni. Jina, kabila, utokako, uendako, kazi, sahihi, vyote najaza mimi. Safu ya malipo dada akaivuta akaijaza mwenyewe: 25,000. Nikamwambia andika themanini, ndiyo niliyotoa. Akanitazama kama nimemtukana. Risiti ya mashine je? "Mtandao unasumbua." Kwa hiyo halmashauri ikija kudai ushuru wa nyumba za kulala wageni itakuta nimelala kwa elfu 25, na TRA haitakuta kitu. Halafu anatokea mtu hapa anasema mashindano yanachangamsha uchumi wa mkoa. Uchumi wa mkoa gani, wa mfuko wa suruali ya bosi?

Lakini kilichonikera zaidi hakikunihusu mimi. Nyuma yangu kwenye foleni alikuwepo mama ametoka Lushoto na mtoto mgongoni. Asubuhi anatakiwa kliniki, hospitali ya Bombo. Mpira haujui, hata kelele za nje hakujua ni za nini, akauliza kama kuna harusi. Kwenye kitambaa amefunga elfu 20 ya chumba, kwa sababu mara ya mwisho alipokuja kulala pale ndiyo ilikuwa bei, cha kushea bafu. Akaambiwa kimebaki kimoja, 60,000. Hakubishana. Alifunga kitambaa chake, akamwambia mtoto twende tukakae nje ya wodi. Na mimi nikiwa na themanini yangu mkononi nikijiona ndiye niliyeonewa.

Huyo mama hayumo kwenye hesabu za mtu. Tukizungumzia bei za gesti tunamuona shabiki mwenye jezi na hela ya bia. Hatumuoni mgonjwa, mwenye kesi mahakamani, mwanafunzi anayekwenda kuripoti chuo, mfanyabiashara anayefuata mzigo. Wao hawakuchagua kuja wiki ya derby.

Najua mtakuja na "soko huria mkuu, uhitaji ukiwa mkubwa bei inapanda". Sawa, ipande. Sina shida nayo na sitaki serikali ikae inapanga bei ya kila kitanda. Mwenye gesti Tanga ana miezi analaza vyumba vitatu kati ya ishirini, umeme unakuja palepale na mlinzi anataka mshahara. Akipata wiki ya neema aongeze, ni haki yake. Ila aitangaze, niisikie nikiwa Dar, nichague kwenda au kubaki kibandaumiza. Ukishapokea hela yangu kwa bei tuliyokubaliana, huo ni mkataba hata kama umefanyika kwa simu. Kuja kuuvunja saa tano usiku mtu akiwa na begi mkononi, ukijua hana pa kwenda, usiniambie ni soko.

Mbona basi lililonileta halikufanya hivyo? Nauli ya mikoani ina kikomo cha LATRA, wasimamizi wa usafiri wa ardhini, imeandikwa kwenye tiketi, konda akizidisha unajua pa kumshtaki. Siti yangu hakuuziwa mtu mwingine eti kwa sababu Simba wanacheza. Mama wa mihogo pale nje ya uwanja aliuza bei yake ya siku zote, na foleni yake ilikuwa ndefu kuliko ya geti. (Fainali yenyewe sisi Simba tuliwafunga Yanga kwa penalti, kipa wetu Ally Salim akapangua tatu. Wananchi mpo?)

Na wapangaji wa mechi nao hawachomoki. Fainali za Kombe la Shirikisho, lile la hapa nyumbani, zimezungushwa mikoani: Lindi 2019, Sumbawanga 2020, Kigoma 2021. Wazo lenyewe naliunga mkono asilimia mia, mpira si mali ya Dar. Lakini unapeleka Simba na Yanga Kigoma, uwanja wa Lake Tanganyika, Julai 25, 2021, kwa watu waliosafiri zaidi ya kilomita elfu moja, ambao goli la Lwanga wa Simba likiingia au lisiingie lazima walale mjini. Kabla ya kutangaza uwanja, kuna mtu alihesabu vitanda? Rafiki yangu aliyekwenda alinusuriwa na mzee mmoja wa Ujiji, akamlaza sebuleni bure na migebuka akamkaangia. Yaani wenyeji wanabeba wageni bure, wenye gesti wanawakamua.

Sasa piga picha Arusha. Uwanja mpya wa watu 30,000, na katikati ya mwaka mji ule tayari umejaa watalii wa Serengeti na waongoza wageni wao. Wenye dola watalipa watakachoambiwa. Sisi wa elfu 30 tutalala Usa River, nje ya mji, tukibahatika.

Ninachotaka hakihitaji bajeti. Bei ibandikwe mapokezi, pembeni ya leseni, na ya wiki ya mashindano ibandikwe mapema. Aliyelipa akute chumba chake, la sivyo gesti imtafutie kingine kwa gharama yake. Kitabu kiandikwe hela iliyotoka mfukoni. Afisa biashara apite usiku wa mechi, siyo Jumatatu.

Wa Arusha mliomo humu, tusaidieni sasa hivi kabla ratiba haijatoka. Wekeni bei za leo za maeneo yenu, Sakina, Ngarenaro, Kaloleni, Kijenge, Njiro, chumba self na cha kushea, na picha ya risiti kama unayo. Majina ya gesti acheni, eneo na tarehe vinatosha. Naanza mimi: Ngarenaro, self, Sh 30,000, jana.