Naomba ushauri: suruali ya hariri kwa joto hili la Mtwara

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Niko Mtwara mjini, kazi yangu ni ya ofisini, na wikiendi napenda kutembea Shangani au Mikindani. Nataka suruali moja ya hariri ya kuvaa kote kuwili.

Nimeshaumia mara moja. Niliuziwa "hariri", nilipochoma uzi mmoja ukayeyuka ukawa kijidonge kigumu cheusi. Hariri yenyewe hunuka kama nywele zilizoungua, ikabaki majivu ya kupukutika. Kumbe poliesta, tena kwa bei ya sikukuu!

Safari hii kitambaa ni chenyewe, shida ni mshono. Fundi anataka kuibana mapajani, eti ndiyo fasheni. Mimi naogopa: hariri haivutiki, nikipanda bodaboda si mshono wa nyuma utaachia? Nina mapaja manene, kiuno kidogo. Niombe marinda mbele? Bitana iishie magotini au niache kabisa? Maana jasho la pwani huacha madoa. Na pindo liguse kiatu, au liishie kwenye kifundo?

Wazoefu nisaidieni, kitambaa bado hakijakatwa.