Direkta akiwa bosi wa kampuni: anajijenga au anajizika?

Mwanzisha mada

Wakuu, habari za wikendi. Kiswahili sanifu kimewatenga hawa watu wawili: wa seti ni muongozaji, wa ofisini ni mkurugenzi. Mtaani wote ni "direkta", na mimi naona mtaa uko sahihi. Anayeongoza filamu na video bila kuwa na kampuni yake ni kibarua mwenye kofia nzuri.

Nimeongoza miaka tisa. Tamthilia moja ya juzijuzi niliandika skripti, nikatafuta lokesheni, nikashuti siku kumi na nne, nikakesha na mhariri. Nikalipwa mkupuo, nikasaini. Sasa inarudiwa kwenye king'amuzi kwa mara ya tatu, na mimi naitazama kwa kifurushi nilichokilipia mwenyewe.

Mwangalieni George Lucas, muongozaji wa Marekani. Baada ya filamu yake American Graffiti kulipa vizuri mwaka 1973, angeweza kudai malipo makubwa kwa Star Wars. Akabaki na dola 150,000 za kuandika na kuongoza, ila akang'ang'ania haki za filamu zitakazofuata na za bidhaa: midoli, fulana, kila kitu. Studio ikaona kaomba makapi. Mwaka 2012 aliiuza kampuni yake, Lucasfilm, kwa Disney kwa takriban dola bilioni 4. Pesa ile hakulipwa muongozaji, alilipwa mwenye kampuni. Karibuni mnipinge.

Mhariri wa video, Sinza

Nakupinga kwa shahidi wako mwenyewe. Star Wars ya kwanza ilitoka 1977. Filamu iliyofuata ambayo Lucas aliiongoza ni ya 1999. Miaka 22! Star Wars ya pili, ya 1980, alimpa Irvin Kershner aiongoze, na wengi wanaiona kuwa bora kuliko zote. Lucas alikuwa wapi? Ofisini, na mabenki na mahesabu. Kampuni ilimtajirisha mkurugenzi ikammeza muongozaji.

Tena mbona hukumtaja rafiki yake Francis Ford Coppola? Walianza pamoja kampuni ya American Zoetrope mwaka 1969, ndoto ile ile ya kujitegemea. Coppola akanunua studio nzima, akaweka kila alichonacho kwenye filamu yake One from the Heart ya 1982. Ikadoda vibaya. Miaka mingi baadaye akawa anaongoza kazi za kuajiriwa ili alipe madeni. Mtu aliyeongoza The Godfather! Na hakukoma: Megalopolis ya 2024 iligharimu takriban dola milioni 120 za mfukoni mwake, zilizotokana na biashara yake ya mvinyo, na majumba ya sinema hayakumrudishia hata robo. Kwa kila Lucas mmoja kuna wangapi wa hivyo ambao hawana shamba la mizabibu la kuuza?

Mdau, Morogoro

Mnahesabu mabilioni ya dola na mimi nadaiwa kodi ya kamera tangu Ijumaa. Haya, endeleeni, nasoma.

Mtayarishaji, Nairobi

Mimi ndiye adui yenu, basi nisikilizeni. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamtambua kama "mwandishi" wa filamu, yaani mwenye haki wa kwanza, si wa skripti, yule aliyefanya mipango ya kuifanikisha. Yaani mimi. Mnaona dhuluma, lakini ni nani aliyeweka logbook (kadi ya umiliki) ya gari dhamana? Mvua iliponyesha siku tatu mfululizo, waigizaji wakala na kulala kwa pesa ya nani? Muongozaji alilipwa siku zake zote. Filamu ikianguka, yeye anahamia seti nyingine na mimi nabaki na barua za benki. Anayetaka faida aonje hasara pia.

Msomaji wa sheria

Mtayarishaji kasema kweli kuhusu Kenya, ila asidhani dunia nzima iko hivyo. Ufaransa inamhesabu muongozaji miongoni mwa waandishi wa filamu, pamoja na wa skripti na wa muziki. Haki za kuiuza kwa kawaida humwendea mtayarishaji kwa mkataba, lakini msingi ni kwamba malipo ya mwandishi yafuate mapato. Uingereza, kwa filamu zilizotengenezwa tangu Julai 1994, muongozaji mkuu na mtayarishaji ni waandishi wa pamoja. Tahadhari: muongozaji akiwa mwajiriwa, haki inaangukia kwa mwajiri. Kwa hiyo Mwanzisha mada, kilichokuumiza si kukosa kampuni. Ulisaini nini?

Mkongwe wa Bongo Movie

Huyu kapiga penyewe. Enzi za DVD wengi wetu tulikuwa na kampuni. Marehemu Kanumba aliigiza, akaongoza, akatayarisha, na kampuni ilibeba jina lake. Wengine tulimfuata, kila mtu na muhuri na kadi za biashara. Halafu? Unakwenda Kariakoo na master, nakala mama ya filamu, mkononi, msambazaji anakupa mkupuo, unamwachia haki zote kwa sababu ndiye mwenye maduka na magari. Ukitoka pale wewe na kampuni yako mnagawana nauli. Tulikuwa wakurugenzi kwa muhuri tu. Cheti cha BRELA, wakala wa kusajili kampuni, hakijawahi kumzuia mtu kuuza master.

Mwanzisha mada

Mkongwe, umenikata maini. Narudi nyuma hatua moja tu, msishangilie. Lucas alifaidi kwa sababu ya kile alichokataa kukiuza, na kampuni ilikuwa kapu la kukihifadhia. Mtayarishaji wa Nairobi nakuelewa pia: aliyeweka logbook arudishiwe kwanza gharama zake zote. Lakini akisharudishiwa, marudio ya tatu na ya nne yana hasara gani inayomfanya ale peke yake?

Jumanne nina kikao cha msimu wa pili wa ile tamthilia. Nitakubali malipo pungufu, nidai asilimia kwa kila marudio kuanzia la pili.

Mtayarishaji, Nairobi

Kwangu ungepata. Lakini la tatu, si la pili.

Mhariri wa video, Sinza

Na aliyekesha nawe akiediti, kwenye huo mkataba yuko ukurasa wa ngapi?